Kwa nini droni inamaliza betri haraka Dodoma?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Natumia droni ya propela nne kupiga picha mashamba ya zabibu huku Hombolo. Nilipokuwa Dar betri ilikuwa inafika dakika 20. Huku, mchana, haifiki hata 15. Fundi mmoja ananiambia droni hubebwa na upepo unaogonga ardhi na kurudi juu, na mchanga wetu unaumeza. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Mchanga hauna kosa. Ingekuwa ardhi ndiyo inayobeba, droni isingekaa mita 100 juu ya mizabibu. Ardhi husaidia droni ikiwa chini kabisa, kimo cha karibu upana wa propela. Ndiyo maana wakati wa kutua huonekana kama inagoma.

Kinachoibeba ni hewa. Mapanga ya propela yamelazwa mshazari. Yakizunguka yanaisukuma hewa chini, nayo hewa inayasukuma juu kwa nguvu ileile. Ni kanuni ya tatu ya Newton. Tuseme droni yako ina gramu 900 na propela za kipenyo cha sentimita 24. Ili isishuke, hewa lazima ipite kwenye propela zote nne kwa karibu mita 5 kwa sekunde, bila kukoma. Ukiitazama imetulia unadhani imepumzika, kumbe mota zinachapa kazi.

Sasa, Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar ni karibu kilo 1.16, ya Dodoma ni kilo 1.02. Hewa ikipungua hivyo, mota huongeza mizunguko kwa takriban asilimia 7, na umeme unapanda kwa kiasi hichohicho. Dakika 20 za Dar zinakuwa 18 na nusu hivi.

Zinazobaki usiisingizie Dodoma. Upepo wa kuvuma na kukatika unaweza kula sehemu. Betri ikianza kuvimba, iache kabisa. Ila mimi huanza na propela, maana ni rahisi kuliko betri: chomoa betri, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga. Ukikwama kwenye vipengo, vumbi na kokoto vimeshalila, hewa haipiti vizuri juu yake na mota inalazimika kufidia. Badilisha.