Premiere au DaVinci kwa laptop ya ram 8?
Kaka kwa video za harusi na hiyo laptop ya ram 8, mi ningeanza na DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video kama Premiere, inatoa mpaka 4K na haikupigii nembo yake kwenye video labda uguse efekti za Studio, toleo lake la kulipia, halafu kwenye rangi aisee, shela limegeuka zambarau kwa taa za ukumbini unalirudisha jeupe na ngozi ya bibi harusi inabaki vilevile. Ila inakula kadi ya picha balaa, itakwamakwama, so tengeneza proksi kwanza, yaani nakala nyepesi za video, ndo uanze kukata. Premiere Pro nzuri pia na utapata wa kukuelekeza kirahisi, tatizo malipo kila mwezi, ukiacha inajifunga, wakati Resolve Studio ni dola 295 mara moja basi. Ram ongeza lakini, ifike 16.