Liache hilo tanga la 7.5, anza na 6.5

Ndugu, kuhusu windsurfing, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao wenye tanga na kusukumwa na upepo: umesema una kilo 82, ubao wa lita 130, unakaa Nairobi na unateremka Diani wikendi chache msimu wa kaskazi. Unauliza kama tanga la mita za mraba 7.5 lenye kamu tatu (vile vibano vya plastiki vinavyokaa kwenye mlingoti na kulipa tanga umbo), ulilopata kwa bei ya kutupa, litakufaa kwa starehe. Liache. Nilinunua la aina hiyo hiyo. (Siku niliyosema plotini naenda kuchukua matanga, mama wa chini aliniuliza nani amefariki.)

Kosa langu lilikuwa kutosoma yale maandishi madogo yaliyo sehemu ya chini ya tanga: urefu wa mbele, upande wa mlingoti, sm 486; bumu, ile fito ya kushika kwa mikono, sm 206. Mlingoti wangu ni wa sm 430, na kirefusho chake, kile kipande cha kuongezea chini, kinafika sm 30. Jumla 460, pungufu sm 26. Hesabu hiyo ningeipiga sebuleni Umoja. Niliipiga mchangani, jua la utosi. Nikaazima mlingoti wa 460, kwa kirefusho ukafika. Lakini tanga la kamu lina mfuko mpana unaovaa mlingoti, na nikianguka ulikuwa unajaa maji. Kuliinua tena ni kama kumtoa ng'ombe kisimani. Saa moja tu, mikono kwisha.

Siku nyingi nilizoshinda Diani, kaskazi ya alasiri ilikuwa noti 12 hadi 18 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Kwa uzito wako, 6.5 isiyo na kamu itakutosha. Kwenye noti 12 utatembea tu, ubao hautanyanyuka, sawa. Lakini kuanzia 15 utaanza kuteleza juu ya maji, na 18 ikifika bado utalimudu. Pia tanga la 6.5 mara nyingi linakubali mlingoti wa 430, ambao wa vipande viwili unaingia kwenye buti ya basi bila ugomvi na utingo.

Ukilifunga, kaza kamba ya chini hadi ukingo wa nyuma kule juu ulegee na kupepea. Wengi wetu tunaogopa kukaza, tunaishia na tanga zito linalotuvuta mikono. Ile ya kwenye bumu, vuta kidogo tu.

La mtumba litandaze sakafuni kabla hujalipa. Plastiki angavu ikiwa imepauka na inalia kama karatasi ya biskuti, jua limeshaila.

Mlingoti ulio nao ni wa ngapi? Soma pale chini, uniandikie.