Uuguzi wa afya ya akili kwa Waaborijini: mafunzo gani yanahitajika?

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umesomea uuguzi nyumbani Afrika Mashariki, umefanya kazi katika wodi ya magonjwa ya akili kwa miaka kadhaa, sasa umepata mwajiri Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, na unataka kujua ni kozi gani itakayokuandaa kuwahudumia Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Nimefanya kazi hiyo katika eneo hilo hilo, na jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo unayoyatafuta haitolewi darasani, bali utaipata ukikubali kufanya kazi chini ya Waaborijini wenyewe waliosomea taaluma hii.

Habari ya makaratasi nitaipitia haraka. Usajili hufanywa na bodi ya taifa ya wauguzi na wakunga kupitia AHPRA, mamlaka ya taifa ya usajili wa wataalamu wa afya, na kwa aliyesomea Afrika Mashariki njia ya kawaida ni kufanya mtihani wa nadharia wa kompyuta uitwao NCLEX-RN, kisha ule wa vitendo huku Australia. Australia haina rejista ya peke yake ya wauguzi wa afya ya akili, kwa hiyo uzoefu wako wa wodini utauonyesha kazini. Mwajiri naye atakupa somo fupi la mtandaoni kuhusu utamaduni wa wenyeji. Lisome, ila usidhani kwamba umeiva.

Wahudumu wa afya wa Kiaborijini utakaowakuta si wakalimani wala wabeba mafaili. Tangu tarehe 1 Julai 2012 wale kati yao wenye sifa za kutoa matibabu (huitwa Health Practitioners) husajiliwa kitaifa, kama tunavyosajiliwa sisi. Kule jimbo la New South Wales, Chuo Kikuu cha Charles Sturt kina programu ya Djirruwang mjini Wagga Wagga, inayowapa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait shahada ya afya ya akili, na wapo wanaoisoma huku wameajiriwa katika huduma za afya za jimbo.

Nitakupa mfano, na nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Kijana mmoja aliletwa kliniki na jamaa zake, akakaa ameukabili ukuta, hajibu swali hata moja, na daktari akawa ameshaanza kuandika kwamba mgonjwa amejitenga na hana mawasiliano. Mhudumu wa Kiaborijini, mama wa makamo, hakumuuliza kijana chochote. Aliwatazama waliomleta, akazungumza nao kwa sauti ya chini, kisha akamwomba mwanamke mmoja akapumzike barazani. Alikuwa mkwewe, mama wa mkewe, na kwa desturi yao hawaruhusiwi kuzungumza wala kutazamana. Mlango ulipofungwa, kijana aligeuka akaomba maji, akaanza kueleza jinsi asivyopata usingizi tangu msiba wa kaka yake. Sisi tuliolelewa katika makabila yenye miiko ya mkwe tungepaswa kulihisi hilo mapema, lakini fomu ya tathmini haina kisanduku cha mkwe.

Kijana huyo alisema pia kwamba usiku humsikia marehemu akimwita. Kabla hujaandika kwamba ni dalili ya ugonjwa, uliza familia na mhudumu mwenzako, kwa sababu katika maombolezo jambo hilo linaweza kuwa la kawaida kabisa. Wapo pia waganga wa jadi waitwao ngangkari, ambao Baraza la Wanawake la NPY, shirika la wanawake wa Kiaborijini wa majangwa ya katikati ya Australia, huwaajiri rasmi, na wagonjwa wengi huwaendea huku wakiendelea na dawa za hospitali.

Jambo jingine ni historia. Ripoti ya mwaka 1997 kuhusu watoto wa Kiaborijini walioondolewa kwa nguvu na serikali katika familia zao, na msamaha ulioombwa bungeni na Waziri Mkuu Kevin Rudd mwaka 2008, vinahusu watu walio hai, wakiwamo bibi utakaowapima shinikizo la damu. Ukifika nyumbani kwao na kitambulisho shingoni na karatasi mkononi, watakuogopa kwa sababu zao, na weusi wako hautakusaidia. Wewe ni mgeni wa serikali tu mpaka mwenyeji akutambulishe.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, muulize mwajiri kama utakuwa na msimamizi wa Kiaborijini wa kukutana naye mara kwa mara, na kama ziara za majumbani hufanywa pamoja na mhudumu wa jamii husika. Wakikujibu kwa kusitasita, omba kazi katika huduma zinazoendeshwa na Waaborijini wenyewe. Hapo hapo Alice Springs ipo Central Australian Aboriginal Congress, iliyoanzishwa mwaka 1973.