Maswali na Majibu: Kiingereza cha Kumwongoza Mgeni Mlimani

SWALI: Nafahamu "mountain", "hill" na "valley", basi. Niongeze maneno gani?

JIBU: Anza na yale mtakayoyakanyaga. "Ridge" ni mgongo wa mlima: ukanda mrefu wa juu unaoshuka pande zote mbili. Mgongo huo ukizama kati ya vilele viwili, pale palipozama ni "saddle", yaani tandiko, na ndivyo Waingereza wanavyoliita eneo lililo kati ya Kibo na Mawenzi. Pakiwa pembamba huitwa "col", kama South Col ya Everest.

"Peak" ni kilele chochote. "Summit" ni kile cha juu kabisa mnachokiendea. Usiache "false summit", nundu inayoonekana kama kilele ukiwa chini, ukiifikia unakuta mlima bado uko mbele yako. Itaje mapema, kwa sababu mgeni asiyeambiwa huishiwa nguvu hapohapo.

Neno letu "bonde" hubeba mengi. Bonde pana ni "valley", lakini likibanwa na kuta za mwamba ni "gorge". Wengi hulitamka "goje". Sauti ya mwisho ni j tupu, bila irabu. Genge ni "cliff". Mawe madogo yaliyomeguka na kutanda kwenye mteremko ni "scree". Usiyaite "stones" tu, maana mgeni akisikia "loose scree, small steps" anajua kila hatua itamrudisha nyuma kidogo, anajipanga.

SWALI: Nilisema zimebaki dakika kumi na tano, wageni wakasikia hamsini. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuhamishia huko "fifteen" inakuwa "FIFtin", karibu sawa na "fifty". Vuta silabi ya mwisho na uache n isikike: "fifTEEN". Kukiwa na upepo ongeza "one five", mambo yaishe.

Irabu nazo zina mtego wake. "Slip" ina i fupi, "sleep" ina i ndefu. Ukisema "don't sleep here" juu ya mwamba wenye utelezi, mgeni atajiuliza nani alitaka kulala pale. "Pick" na "peak" ni vivyo hivyo.

Hatari kubwa zaidi ni saa. Ukitafsiri "saa kumi na mbili asubuhi" neno kwa neno, mgeni atakungoja "twelve". Ongeza au punguza sita, kisha utaje "a.m." au "p.m.": "six a.m., before sunrise".

SWALI: Onyo la haraka nitoe vipi?

JIBU: Kwa neno moja au mawili. Jiwe likianguka, piga kelele "Rock!" hata kama halimwelekei mtu. "Stop." "Stay left." Sentensi inayoanza na "please" humfikia mgeni jiwe likiwa limeshapita. Na ukimgeukia mgeni, kushoto kwako ni kulia kwake, kwa hiyo sema "your left" huku ukinyoosha mkono.

SWALI: Mgeni aliniambia "I'm going to be sick". Nikamjibu hawezi kujua atakavyokuwa kesho.

JIBU: Alikuwa anakaribia kutapika! Kwa Waingereza hasa, "be sick" ni kutapika. "Light-headed" ni kizunguzungu chepesi, na "I feel a bit off" maana yake hajisikii vizuri. Hilo "a bit" lisikudanganye. Wengi hupunguza maneno hata hali ikiwa mbaya. Kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu, maumivu ya kichwa yakiandamana na kichefuchefu, msipande zaidi. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, mshushe mara moja: "We're going down now."

"Are you okay?" ni swali dhaifu, jibu lake karibu daima ni "I'm fine". Uliza "How's your head, one to ten?" au "Did you finish your lunch?"