Shika umbo kwanza, jina litakuja

Wadogo zangu mnaojifunza kuongoza wageni hapa Moshi huniuliza majina ya Kilatini ya wanyama na mimea yanakaaje kichwani. Jibu langu ni lile lile: anzeni na maumbo. Mimi nilianza na majina, nikaaibika.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa Tarangire na familia moja. Pembe zikachomoza juu ya kichaka, nikatangaza, "Tandala!" Mnyama akatoka: pofu. Pembe za pofu zimenyooka, msokoto wake umebana kama wa parafujo. Za tandala zinajizungusha kwa mapana, unaona uwazi kwenye kila mzunguko. Tena tandala jike hana pembe, pofu jike anazo. Na jina la tandala mkubwa, strepsiceros, maana yake kwa Kigiriki ni pembe iliyosokotwa! Nilikuwa nimelikariri bila kuliona.

Shule nzuri kuliko zote ni kihamba, yaani shamba letu la nyumbani. Bibi yangu alikuwa akinituma magimbi, nami nasimama nikitazama majani mawili yanayofanana: la gimbi na la kiazi kikuu, yote kama moyo. Akanifundisha kuligeuza jani. Kikonyo cha kiazi kikuu kimeshika pale kwenye pengo la moyo. Cha gimbi kimeingia ndani kidogo ya ukingo, kwa chini, kama mpini ulioshika mwavuli. Wataalamu wa mimea huliita jani la namna hiyo kwa neno la Kilatini litokanalo na ngao ndogo, kwa sababu ngao nayo hushikwa kwa nyuma. Bibi hakuwahi kusoma Kilatini, lakini alichokitazama ni kile kile.

Kwa hiyo tafuta mfano kwenye vitu ulivyokulia navyo. Jani la muhogo ni kiganja kilichofunguliwa vidole. La mgunga ni unyoya. Pembe za nyati ni nywele zilizochanwa njia katikati, na kwa dume mzee hapo katikati pamekuwa gumu kama ngao. Twiga jike ana kishungi cha nywele juu ya vipembe vyake. Dume kwa kawaida amebaki na upara, kwa kupigana.

Mkia nao usiupuuze. Mbega wa msitu wa Kilimanjaro anaitwa caudatus, yaani mwenye mkia, na ukimwona ameketi juu ya tawi, manyoya meupe yakining'inia kama usinga wa mzee, hulisahau tena.

Zoezi langu hadi leo: kaeni wawili mkipeana migongo. Mmoja ashike jani aeleze kingo, ncha, mishipa na kikonyo bila kutaja mti, mwingine achore. Umeshika la mparachichi na mwenzako amechora la mwembe? Hukusema upana wa katikati. Eleza upya.