Re: Spidi ya kuvuta glaida
Mkuu umeuliza ndege yako iivute ASK 21 (aina ya glaida, yaani ndege isiyo na injini) kwa spidi gani, mi nakushauri usianze na ndege yako, anza na glaida yenyewe, manake hiyo mwisho wa kuvutwa ni 180 km/h. Ikiwa huru inaelea vizuri tu kwenye 80, lakini usijidanganye kwamba 80 inatosha!! Kwenye kamba inapita kwenye hewa iliyovurugwa na ndege yako, usukani unalegea na aliye nyuma anahangaika sana. Shika kama 110 hadi 120. Glaida zilizobeba maji mabawani zinataka zaidi. Na kwa ishara za Marekani, glaida ikitikisa mabawa anaomba spidi, ongeza polepole jamani, usishtue kamba.