Jirani Mjapani akikuambia "Atsui desu ne"

Dada yangu, umeuliza kwa nini jirani yako huko Osaka kila asubuhi anakuambia "Atsui desu ne", yaani joto kweli leo, nawe unaishia kutabasamu tu. Hakuulizi habari za hewa. Anakusalimu, na hilo neno dogo "ne" mwishoni ndilo lenye kazi: linakuomba ukubaliane naye, kama sisi tunavyosema "au siyo?" Basi mwitikie "Sō desu ne", yaani ni kweli, au rudia lilelile: "Atsui desu ne." Kurudia si kumuigiza, ni kama marahaba kwa shikamoo, salamu imepokelewa. Tafadhali usianze kumweleza kwamba joto la kwenu Tanga ni kali zaidi. Ukimpinga, umeikata salamu.

Shika pia "samui" kwa baridi, na "mushiatsui" kwa joto la unyevu, maana kuanzia mvua za tsuyu, Juni na Julai, utalisikia mno. Hata barua rasmi za Kijapani huanza kwa kutaja majira kabla ya kuingia kwenye jambo lenyewe.

Kesho mtangulie wewe, ukianza na salamu ya asubuhi: "Ohayō gozaimasu, atsui desu ne."